Muhula Mmoja Hauwezi Kutibu Ugonjwa wa Miaka Sita

Kila vyuo vikuu vinapofunguliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana na kozi ambayo hakuichagua. Iwe anasoma sheria, uhandisi, ualimu au biashara, ratiba inamwambia kitu kile kile: Stadi za Mawasiliano, lazima. Anaingia kwenye ukumbi uliojaa mpaka ngazini. Anafundishwa kuandika aya, kunukuu kitabu, kuchukua notisi huku anasikiliza, kusoma kwa haraka na kuandika ripoti. Vyote kwa Kiingereza. Muhula unaisha, anafanya mtihani, na kuanzia hapo kila mhadhiri wa kozi nyingine anachukulia kwamba kijana huyu sasa Kiingereza anakijua.

Hakijui. Na mwaka wa tatu akiandika utafiti wake, msimamizi anarudisha karatasi imejaa wino mwekundu na kuuliza, "Hivi hawa watu wa mawasiliano wanafundisha nini?"

Tahariri ya leo inawatetea watu wa mawasiliano. Najua makamanda wengine mtashangaa: nchi ina mambo mazito, Katiba Mpya, tume huru, watu wanatekwa, halafu dada yenu anakuja na habari za idara ya Kiingereza. Nivumilieni. Idara hizi ni mahali ambapo serikali inaficha uamuzi wake mbaya kuliko yote katika elimu, na sisi watoto wa shule za kata ndio tunaoulipia.

Idara zilizogeuzwa wodi

Tuanze na historia, maana hili si tatizo la vijana wa TikTok kama wazee wanavyopenda kusema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitengo cha Stadi za Mawasiliano mwaka 1978. Hesabu vizuri: 1978. Wanafunzi wa wakati ule ndio waliokuja kuwa mawaziri, majaji na maprofesa wa leo, wale wale wanaotuambia zamani elimu ilikuwa elimu. Chuo kiliona kwamba vijana wanaotoka sekondari hawawezi kusoma na kuandika Kiingereza cha kiwango cha chuo, kikaweka kitengo cha kuwasaidia. Vyuo vingine vilipoanzishwa vikafuata mfano huo, kila kimoja na idara yake au kozi yake.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilimaliza kazi yake. Ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, kipande darasa kwa darasa, na kifike chuo kikuu mwaka 1991/92. Hapo zamani sana, kabla mimi na wewe hatujazaliwa, nchi ilikuwa na ratiba kabisa mkononi. Serikali ikaitupa.

Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Walichokikuta hakikufichika: kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa, chini ya asilimia 20 ndio waliokuwa na kiwango cha kusoma kwa wepesi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Chini ya asilimia 20, chuo kikuu! Kuhusu sekondari walisema Kiingereza kile hakitoshi kubeba masomo.

Sasa ungetegemea wapendekeze nini? Walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, isipokuwa kipigwe jeki. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, vikaletwa vitabu vya hadithi vya kusoma na wataalamu. Yaani daktari amepima, ameona dawa haifanyi kazi, akaandika dozi mara mbili. Na mwenye kiwanda cha dawa ni yeye mwenyewe.

Tangu hapo idara za mawasiliano zimekuwa wodi ya majeruhi wa uamuzi huo. Serikali inamfundisha mtoto miaka saba kwa Kiswahili, inamgeuzia lugha ghafla kidato cha kwanza, inamwacha akariri miaka minne, na miwili ya kidato cha tano na sita, halafu inampeleka kwa mwalimu wa Stadi za Mawasiliano: haya, mtibu, una muhula mmoja, na usisahau wako mia tano ndani ya ukumbi mmoja. Insha moja ya kurasa mbili, ukiisahihisha kwa dakika kumi tu, kwa wanafunzi 500 ni dakika 5,000. Hiyo ni zaidi ya saa 83 kwa zoezi moja. Hakuna binadamu anayefanya hivyo kila wiki. Ndiyo maana mtihani unageuka maswali ya kuchagua herufi, na kozi ya kuandika inafaulishwa na mtu ambaye hajaandika chochote.

Waliosema ukweli walitoka humo humo

Kuna kitu vijana wengi hatukijui. Watu waliopiga kelele kwa miaka mingi kwamba mfumo huu hauelimishi hawakuwa walimu wa Kiswahili peke yao. Wengi walikuwa walimu wa Kiingereza.

Casmir Rubagumya, wa idara ya lugha za kigeni na isimu pale Mlimani, alihariri mwaka 1990 kitabu kizima kuhusu lugha katika elimu ya Tanzania. Ndani yake Azaveli Lwaitama, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama mchambuzi wa siasa asiyeogopa mtu, pamoja na Josephat Rugemalira, waliuchambua ule mradi wa Waingereza. Martha Qorro, aliyefundisha Kiingereza hapo hapo kwa miaka mingi, amekuwa akirudia hoja moja bila kuchoka: kutumia Kiingereza kufundishia fizikia si kufundisha Kiingereza. Mwalimu wa fizikia si mwalimu wa lugha. Mtoto anakosa fizikia, na Kiingereza chenyewe anakikosa. Kuanzia mwaka 2002 yeye na wenzake wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway waliendesha utafiti uitwao LOITASA, ambapo masomo ya sekondari yalifundishwa kwa Kiswahili katika madarasa ya majaribio, na wanafunzi wakaonekana wanaelewa na wanashiriki kuliko wenzao.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Hawa ndio ambao mkate wao unatoka kwenye Kiingereza. Kama ni maslahi, wao ndio wangesema Kiingereza kiongezwe, idara ikue, nafasi za kazi ziwe nyingi. Wakasimama na kusema: tupeni somo letu tulifundishe vizuri, msitubebeshe mzigo wa elimu nzima. Mwalimu anayesema dhidi ya maslahi yake anastahili kusikilizwa mara mbili.

Majirani zetu nao wana mfano. Oktoba 1968, pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake ije idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati. Hawakuchukia Kiingereza, wote walikuwa mabingwa wa kukiandika. Swali lao lilikuwa: kwa nini tujitazame tukiwa tumesimama London? Ngũgĩ ametutoka Mei 2025, lakini swali lake liko palepale. Idara inaweza kubadilika ikiwa watu wake wana ujasiri na wanafunzi wako nyuma yao. Kwetu ujasiri wa walimu ulikuwepo. Waliokosekana nyuma yao ni wanafunzi, na vyama vya siasa.

Sheria ya nani, kwa lugha ya nani?

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo nitolee mfano ninaoujua. Kitivo cha Sheria ndicho kilichoanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi ambao hata daladala moja ingewatosha. Nchi changa ilitaka wanasheria wake kabla ya kitu kingine chochote. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, mwanasheria wa nchi hii bado anafundishwa kwa lugha ambayo mteja wake haijui.

Na hapa kuna kichekesho cha kisheria. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, ikabadilisha kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Sasa lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na lugha ya mahakama na mabaraza ni Kiswahili, isipokuwa pale maslahi ya haki yanapohitaji Kiingereza. Februari 1 mwaka huo huo, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani na kumsifu hadharani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Tulimpinga Magufuli kwa mengi na tulikuwa na haki ya kumpinga. Ila hili lilikuwa sahihi, na mpinzani asiyeweza kusema hivyo ni shabiki tu.

Baada ya hapo nini kimefuata? Fungua TanzLII leo usome hukumu za Mahakama ya Rufani, nyingi bado ni za Kiingereza. Ule mwanya wa "maslahi ya haki" umegeuzwa barabara kuu. Na vyuoni ndiyo kabisa. Sheria inasema Kiswahili, lakini sisi tunafundishwa kuandika hati za madai kwa Kiingereza, tunashindana moot kwa Kiingereza, na kozi yetu ya mawasiliano inatufundisha Kiingereza cha kisheria. Kozi ya kumfundisha mwanafunzi kuandika hoja ya kisheria kwa Kiswahili fasaha iko wapi? Tunaandaliwa kwa ajili ya mahakama ya kabla ya 2021.

Mwaka 2022 mliona wenyewe kilichotokea Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School. Wanafunzi 633 walifanya mtihani. Waliofaulu moja kwa moja ni 26. Waliopata supu 342, waliodisko 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mitandaoni watu wakacheka: vijana wa siku hizi ung'eng'e hawaujui. Sawa, tuseme hawaujui. Nani aliwapa shahada za sheria kwa lugha wasiyoijua? Na hao 265, kila mmoja na deni lake la Bodi ya Mikopo, walipimwa sheria au walipimwa Kiingereza? Mpaka mtihani utenganishe vitu hivyo viwili, hatuwezi kujua tumempoteza mjinga au tumempoteza wakili mzuri.

Katika chuo ninachosoma nimeona kijana ameelewa kesi kuliko sisi wote. Tukiwa kantini anaipanga hoja mpaka unasahau chai. Tukiingia semina anainamisha kichwa. Siku aliyothubutu kuuliza kwa Kiswahili akaambiwa arudie kwa Kiingereza, akasema basi, ameshaelewa. Hakuwa ameelewa. Nchi imemfundisha kijana huyo kwamba akili yake haihesabiki mpaka ivae nguo ya mtu mwingine. Kesho mtamtaka asimame mbele ya OCD kudai haki ya kufanya mkutano!

Kutoka Baleni inaonekana hivi

Nimetoka Baleni, kisiwani Mafia, kwenye njia ya Kilindoni kwenda Kirongwe, minazi kushoto na kulia. Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa sheria ya Kiingereza ina madhara gani.

Mwaka 1994 Bunge lilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29. Mwaka 1995 Mafia ikapata Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini. Uhifadhi ni jambo jema, baruti zilikuwa zinamaliza matumbawe na hakuna mvuvi mwenye akili anayetetea baruti. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake kuna nafasi ya vijiji kushirikishwa, kuna haki ya wakazi kuhusishwa katika mipango ya usimamizi. Mvuvi wa Jibondo au Chole angeijuaje haki hiyo? Alichokijua vizuri ni upande wa pili wa sheria: wavu umekamatwa, faini kiasi hiki, eneo hili usivue. Adhabu alielezwa kwa Kiswahili kizuri sana. Haki zikabaki kwenye karatasi ya Kiingereza.

Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio mbalimbali muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Taarifa kwa lugha usiyoielewa ni barua iliyofungwa. Ndiyo maana nasema suala la lugha vyuoni ni suala la madaraka. Wanaotoka kwenye kumbi zile za Stadi za Mawasiliano ndio watakaokuwa maofisa wa hifadhi, wanasheria wa halmashauri, mahakimu na waandishi wa habari. Wakifunzwa kwamba mawasiliano ni Kiingereza tu, watarudi Kilindoni na kuzungumza na makaratasi.

Hoja ya wazazi wetu

Hapa lazima tuwe wakweli, kwa sababu kuna hoja nzito upande wa pili na haitoki CCM. Inatoka kwa mama zetu.

Mwambie mzazi wa Baleni kwamba sekondari ifundishe kwa Kiswahili, atakuuliza: na watoto wa wakubwa nao watasoma Kiswahili, au wao wataendelea na shule za ada za milioni? Ni swali halali kabisa. Mawaziri hawapeleki watoto wao shule za kata. Tukibadili lugha kwa watoto wa maskini pekee, tutakuwa tumewafungia mlango mmoja zaidi. Na Mafia yenyewe ina utalii. Msimu wa papa potwe wageni wanafika Kilindoni, na kijana anayezungumza nao ndiye anayepata kazi kwenye boti. Kiingereza ni ugali. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na hakukosea kusema tukijifunze.

Jibu langu ni hili. Mzazi anataka mwanawe ajue Kiingereza, na mimi nataka ajue Kiingereza. Tunachotofautiana ni njia, na njia ya sasa imeshapimwa kwa zaidi ya miaka 40. Haitoi Kiingereza. Inatoa mtu anayekariri desa na kulitapika kwenye mtihani. Wale vijana wa boti pale Kilindoni wengi wamekipata Kiingereza kwa kuzungumza na wageni kazini, si kwenye notisi za kemia. Mtu hujifunza lugha kwa mwalimu wa lugha, vitabu vya kusoma na muda wa kuzungumza. Watoto wa shule za ada wanavipata vyote vitatu. Sisi tunapewa amri tu kwamba kuanzia leo ni Kiingereza, na mwalimu anayetoa amri hiyo naye anafundisha kwa Kiswahili mlango ukifungwa, maana bila hivyo darasa halisogei. Halafu mtihani wa NECTA unakuja kwa Kiingereza.

Kwa hiyo anayelinda mfumo wa sasa kwa jina la watoto wa maskini hawalindi. Kiingereza kizuri nchi hii kinauzwa, na mfumo huu unahakikisha kinabaki bidhaa ya wenye fedha. Sisi tunataka kiwe somo linalofundishwa kweli kwa kila mtoto, Masaki na Baleni.

Na wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu waende pale Mlimani. Idara ya Kiswahili ilianza mwaka 1970 na inafundisha kwa Kiswahili, watu wameandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili. Istilahi zilitungwa kwa sababu zilihitajika. Za sheria na fizikia zitapatikana kwa njia hiyo hiyo, zikianza kutumika.

Serikali inajua yote haya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, iliandika wazi kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote, na ikaacha Kiingereza nacho kiendelee kutumika. Miaka ikapita bila utaratibu wala ratiba. Mitaala mipya iliyoanza 2024 nayo imeiacha sekondari pale pale kwenye Kiingereza. CCM imezoea kula na kipofu: mkono mmoja unasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kila Julai 7, mwingine unamfunga mdomo mtoto wa kidato cha kwanza.

Na sisi tujitazame

Tusiwe watu wa kunyoosha kidole tu. Upinzani wa nchi hii una ugonjwa huo huo. Tumekuwa na People's Power, tumekuwa na M4C, tumekuwa na No Reforms, No Election. Nazipenda, nimezipiga kelele kwa sauti yangu yote. Lakini jiulizeni ni mara ngapi kiongozi amepanda jukwaani kijijini akatumia dakika kumi za mwanzo kufafanua kaulimbiu, kabla hajafika kwenye hoja yenyewe. Linganisheni na maneno mawili, Katiba Mpya. Hayo hayakuhitaji mkalimani. Bibi anayeuza maandazi stendi anayajua, na anajua ana ugomvi gani na katiba ya zamani.

Tunaandika matamko kwa Kiingereza ili mabalozi wasome, kisha tunashangaa wananchi wa Kirongwe hawakuyaona. Mabalozi hawapigi kura Mafia. Andikeni kwa Kiswahili kwanza, tafsiri ifuate.

Tunachodai

Kulalamika bila madai ni umbea, kwa hiyo haya hapa, matano.

Moja. Ratiba ya kisheria, yenye miaka iliyotajwa, ya kuhamia Kiswahili kuanzia kidato cha kwanza na kupanda darasa moja kila mwaka, kama Tume ya Makweta ilivyopendekeza mwaka 1982. Mtihani utolewe kwa lugha zote mbili kipindi chote cha mpito, mwanafunzi achague. Na ihusu shule zote zinazofanya mtihani wa taifa, bila kuwapa watoto wa wakubwa mlango wa nyuma.

Mbili. Kiingereza kiwe somo zito. Walimu wa lugha waliosomea lugha, vipindi vya kutosha, maktaba yenye vitabu vya kusoma kwa raha. Fedha zianzie vijijini na visiwani, kwa sababu mjini mtoto anaweza kusikia Kiingereza hata nje ya shule.

Tatu. Idara za Kiingereza na mawasiliano vyuoni zipewe kazi inayowezekana. Madarasa madogo ya semina, insha zinazosahihishwa kweli, na kozi inayoendelea miaka yote ya shahada badala ya muhula mmoja. Wahadhiri wa muda waliojazwa humo wapewe ajira na mikataba ya kueleweka. Mwalimu asiyejua kama muhula ujao atakuwepo hawezi kumlea mwandishi.

Nne. Mawasiliano yafundishwe kwa lugha mbili. Mwanasheria ajifunze kuandika hukumu na hati kwa Kiswahili, mhandisi aweze kueleza daraja kwenye mkutano wa kijiji, daktari amweleze mgonjwa. Mtu asiyeweza kueleza taaluma yake kwa Kiswahili asipewe cheti cha mawasiliano katika nchi hii.

Tano. Kifungu cha 84 kitekelezwe. Sheria zinazogusa maisha ya watu moja kwa moja, za ardhi, uvuvi, misitu, hifadhi, kazi, zipatikane kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kata, bure. Sheria ya Hifadhi za Bahari isomwe Jibondo kwa sauti, na ile sehemu ya haki pia.

Kwa upande wetu kazi inaanza bila kusubiri dola. Kila tawi la vijana lina angalau mwanachuo mmoja. Likizo hii mwanachuo huyo arudi nyumbani, achukue sheria moja inayowagusa watu wa kwao, aandike kurasa mbili za Kiswahili rahisi, azibandike ofisi ya tawi na azisome kwenye kikao. Wanasheria wanafunzi tulioko Dar na Dodoma tutazipitia ili kusiwe na kosa. Na waliopo vyuoni, kipindi cha kutathmini wahadhiri kikifika, msimwadhibu mwalimu wa Stadi za Mawasiliano kwa dhambi ya wizara. Andikeni kwenye ile fomu: tupo wengi mno darasani, tunataka semina, tunataka na Kiswahili. Serikali za wanafunzi zilibebe hilo hadi Seneti.

Mimi nimechukua ile Na. 29 ya 1994. Boti ya kutoka Nyamisati ikinifikisha Kilindoni, kurasa mbili zitakuwa tayari, na mwenyekiti wa tawi letu Baleni ameshaahidi gundi.

Mapambano yanaendelea.